Timu ya mbali: uiongoze kwa vikao au kwa maandishi?

Ukiongoza timu ambayo watu wake hawakai chumba kimoja, kuna uamuzi mmoja unaokuandama kila siku, uwe umeufanya kwa makusudi au umejiotea wenyewe: kazi yenu ipite mdomoni au ipite kwenye maandishi?

Timu ya vikao huishi kwenye kalenda. Likizuka jambo, mtu anatuma mwaliko, watu wanawasha kamera, wanazungumza, wanaachana. Timu ya maandishi hufanya vingine. Likizuka jambo, mtu analiandika, wenzake wanalisoma kila mmoja kwa saa yake, wanaacha maoni pembeni, na uamuzi unawekwa palepale chini ya hoja.

Watu wengi huanzia kwenye programu: ipi ya kuchati, ipi ya video, ipi ya kugawana kazi. Wanalinganisha bei na vitufe wiki mbili nzima. Naona huko ni kununua mkoba kabla ya kujua unabeba nini. Programu yoyote inayohifadhi hati, inayotuma ujumbe na inayopiga simu ya video itawatosha, mradi timu imeshajua jibu la swali hilo la kwanza. Njia hizi mbili nimezifanyia kazi zote, nikiwa mwanatimu na baadaye kiongozi. Naelemea upande wa maandishi, na nitasema ni wapi upande huo unashindwa, maana unashindwa mahali pazito.

Umbali huanzia kwenye korido

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na viongozi wengi wanaokabidhiwa timu iliyotawanyika huanza kazi wakiwa wameshaiamini methali hiyo: nisipowaona watu wangu, nitawaongozaje? Hofu hiyo ndiyo inayozaa kikao cha asubuhi, cha mchana na cha kufunga siku. Lakini hata ofisi haikuwahi kuwa na ukaribu huo tunaoukumbuka. Thomas Allen wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alichunguza ni mara ngapi wahandisi huzungumza kuhusu kazi kulingana na umbali wa meza zao, na kitabu chake cha 1977 kilionyesha kwamba mazungumzo hayo huporomoka ndani ya mita 50 za mwanzo. Kupita hapo mstari wa grafu yake unalala: mwenzako awe mwisho wa korido au jengo la pili, tofauti ni ndogo.

Ofisi ilitufanyia jambo moja bila sisi kuliomba: iliziacha habari zidondoke. Unasikia nusu ya simu ya mwenzako, unaona uso wa meneja akitoka kikaoni, unatupa swali mkipishana kwenye ngazi. Timu ya mbali haina cha kudondoka. Kila habari lazima mtu aibebe na kuipeleka. Ndiyo maana namna ya kuibeba ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kasi

Tuseme watu watano wako macho kwa wakati mmoja, na jambo lenyewe bado halina sura. Dakika ishirini za kuzungumza zitamaliza kitu ambacho maandishi yangekivuta siku tatu. Hapo vikao vinashinda na sina ubishi.

Ila gharama ya kikao huwa haiandikwi popote. Kikao cha saa moja chenye watu wanane kimekula saa nane, yaani siku nzima ya mtu mmoja. Kikiwa cha kila wiki, kwa mwaka kinakaribia siku 50 za kazi. Kiongozi akiletewa ombi la kutumia siku 50 za mtu angeuliza maswali kumi kabla ya kusaini, lakini mwaliko unaojirudia kwenye kalenda hupita bila kuulizwa hata moja.

Halafu kuna saa za dunia. Chukua mtu aliyeko London na mwingine aliyeko Singapore, wote wakifanya kazi kuanzia 09:00 hadi 17:00. Majira ya baridi ya Uingereza tofauti yao ni saa nane: huyu anafungua kompyuta dakika ileile mwenzake anapoifunga. Majira ya joto wanapata saa moja tu ya pamoja. Timu ya namna hii ikichagua vikao, kuna mtu atakayehudhuria usiku, na mara nyingi ni yuleyule, kwa sababu kiongozi hupanga saa inayomfaa yeye. Kama hamna budi kukutana, zungusheni adha hiyo: mwezi huu usiku ni wetu, mwezi ujao ni wenu.

Na kama mna watu Marekani na Ulaya, wekeni alama mwezi Machi. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu New York na London hutofautiana kwa saa nne badala ya tano. Kila mwaka kuna mtu anayeingia kikaoni kikiwa kimeshaisha. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada, maana "tukutane saa tatu" mwingine ataisikia kama 03:00 au 15:00. Andika saa kwa tarakimu na kwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima (saa tatu asubuhi ya Nairobi ni 06:00 UTC), usimwache mtu abuni.

Kipimo changu ni hiki: saa za pamoja zikipungua tatu kwa siku, hamna uchaguzi, andikeni. Zikiwa tano au zaidi mnaweza kuchagua, na yanayofuata ni kwa ajili yenu.

Kumbukumbu: hapa maandishi hayana mshindani

Mali bila daftari hupotea bila habari, na maamuzi ya timu ni mali.

Nilijifunza hilo kwa kuumia. Tulikuwa watu saba, kila mmoja na mji wake. Kwenye simu ya video tulikubaliana kwamba ripoti ya wateja iliyokuwa ikitoka kila wiki sasa itoke mara moja kwa mwezi. Mwenzetu mmoja mtandao ulimkatikia dakika chache kabla ya mwisho. Hakuna aliyegundua, maana tulikuwa tukiagana. Kwa siku tisa za kazi akaendelea kutengeneza mfumo wa ripoti ya kila wiki, kwa bidii na kwa ustadi. Alipoukabidhi tukamwambia kwamba jambo hilo lilishaamuliwa. Akauliza swali moja tu: "Imeandikwa wapi?" Haikuwa imeandikwa popote. Kikao kile nilikiendesha mimi, na zile siku tisa sikuwa na namna ya kumrudishia.

Tangu hapo uamuzi usioandikwa nauhesabu kuwa haujafanywa. Wala kuandika si kazi kubwa. Uamuzi wetu ule ungekaa hivi:

*Uamuzi:* Ripoti ya wateja itatoka mara moja kwa mwezi, kuanzia mwezi ujao.
*Sababu:* Wateja wachache tu hufungua ya kila wiki, na kuiandaa kunakula siku nzima.
*Njia tulizoziacha:* Kuifupisha. Kuwatumia wanaoiomba pekee.
*Mwenye jambo:* Jina la mtu mmoja. Wakiwa wawili, jambo halina mwenyewe.
*Pingamizi:* Hadi Alhamisi 12:00 UTC. Baada ya hapo, kimya ni kukubali.
*Kuangalia tena:* Baada ya miezi mitatu.

Dakika tano zinatosha. Mstari ambao watu huuruka ni ule wa njia zilizoachwa, na ndio ninaoutetea kuliko yote. Miezi minne baadaye mtu atauliza kwa nini msiwatumie wanaoomba tu, na badala ya kufungua mjadala upya utampa kiungo asome. Mstari wa pingamizi nao ndio unaoiokoa timu ya maandishi na ugonjwa wake mkubwa, yaani hoja inayoelea wiki tatu kwa sababu kila mtu anangoja mwenzake aseme.

Kampuni ya GitLab, ambayo imekua bila ofisi na ina watu katika nchi zaidi ya 60, huweka mwongozo wake wa kazi wazi kwenye intaneti, na ukichapishwa ungezidi kurasa 2,000. Automattic, kampuni ya WordPress.com iliyoanzishwa 2005, imeendesha kazi zake kwa miaka mingi kupitia blogu za ndani ambazo mfanyakazi yeyote anaweza kuzisoma. Sikuambii uandike kurasa 2,000. Timu ya watu kumi inaweza kuishi vizuri na hati kumi zinazotunzwa.

Kutunzwa ndilo neno. Daftari huoza. Hati ya mwaka juzi inayoeleza utaratibu mliouacha ni mbaya kuliko kutokuwa na hati, kwa sababu mtu ataiamini. Kila hati iwe na jina la mwenye kuitunza na tarehe ya mwisho ya kukaguliwa hapo juu kabisa, na iliyopitwa ifutwe au iwekwe kando bila huruma. Usipokuwa tayari kwa kazi hiyo ya kupalilia, usijidanganye kwamba umechagua maandishi. Umechagua ghala.

Hisia: hapa maandishi yanashindwa

Mwanatimu anakabidhi kazi aliyoihangaikia wiki mbili. Kiongozi yuko safarini, anajibu kwa simu: "Sawa. Tutaongea." Moyoni mwake maana ni kwamba ameipata na ataisoma kesho. Kwa aliyeupokea ujumbe huo usiku, ni usiku wa kugeukageuka kitandani. Sekunde ishirini zaidi zingetosha: "Nimeipata, asante. Sijaifungua bado. Nitaisoma kesho asubuhi nikupe maoni kabla ya 12:00 UTC." Habari ni ileile, lakini anayepokea ujumbe huu wa pili atalala.

Watafiti wa saikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio kuhusu jambo hili mwaka 2005. Watu waliandika au kutamka sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wakakisia kama mpokeaji atatambua tofauti. Waliotuma barua pepe walikuwa na uhakika wataeleweka, sawa na waliotamka. Waliosikia sauti walipatia mara nyingi. Waliosoma walipatia zaidi kidogo tu kuliko mtu anayebahatisha. Unapoandika unaisikia sauti yako kichwani, msomaji haisikii.

Kwa hiyo ugomvi usiutatue kwa maandishi. Nina kanuni moja ambayo haijaniangusha: majibizano yakifika raundi ya pili na joto linapanda, acha kuandika, piga simu. Maonyo na masahihisho mazito, simu. Habari mbaya kwa timu, kikao, kamera yako ikiwa imewashwa hata kama za wengine zimezimwa, na baada ya kikao uandike ulichosema ili wasiokuwepo wasikipate kwa tetesi. Sifa zinakwenda kinyume: sifa ziandike, tena mahali ambapo wengine watazisoma, na utaje hasa ni nini mtu amefanya vizuri.

Kuhusu kamera, siungi mkono kulazimisha watu waziwashe siku nzima. Jeremy Bailenson wa chuo kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 sababu nne za uchovu wa simu za video: macho mengi yanayokutazama kwa karibu usivyozoea, sura yako mwenyewe mbele yako muda wote, mwili uliofungwa kwenye fremu, na akili inayohangaika kutoa na kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe. Sababu mbili kati ya hizo unaziondoa leo leo. Ficha picha yako kwenye skrini yako, na mazungumzo ya watu wawili yageuze kuwa simu ya sauti tu, kila mmoja akitembea.

Nani anasikika

Kikao humpendelea mwenye ulimi mwepesi, mwenye mtandao imara na aliyekulia kwenye lugha inayotumika. Anayefikiri polepole hupata hoja yake nusu saa baada ya kuagana. Wengi husema maandishi yanaondoa upendeleo huo. Yanaubadilisha tu: sasa anayeandika vizuri ndiye anayeonekana mwenye akili, na yule fundi hodari ambaye sentensi humtoka kwa shida anaonekana mzito. Nimewaona watu wa namna hiyo wakipuuzwa na inasikitisha, kwa sababu ndio waliokuwa wakijua tatizo liko wapi. Waruhusu warekodi sauti au video fupi wakionyesha skrini yao, na mtu mwingine aiandike.

Kuna njia ya katikati ninayoipenda. Mwaka 2004 Jeff Bezos aliwakataza wakuu wa Amazon kuja vikaoni na slaidi. Badala yake mtu huandika waraka, na kikao huanza kwa wote kuusoma kimya. Kwa timu ya mbali inafaa sana. Dakika kumi na tano za kwanza maikrofoni zimefungwa, kila mtu anasoma na kuandika maoni pembeni, kisha mnazungumza yale tu yenye utata. Mara ya kwanza kimya hicho kinawatia watu aibu. Mara ya tatu hawataki kurudi kwenye slaidi.

Mseto, yaani nusu ofisini nusu nje

Hii ndiyo hali ya timu nyingi sasa, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Asiyekuwepo na lake halipo: wanne wanakaa chumba kimoja na wawili wako kwenye skrini ukutani. Wanne wanacheka jambo ambalo wawili hawakulisikia. Kikao kinaisha, skrini inazimwa, na uamuzi wenyewe unafanyika mlangoni wakati wa kutoka.

Ushahidi wa jambo hili upo, na ni vizuri ukausoma kwa makini kabla ya kuutumia kumshawishi bosi. Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake walifanya jaribio katika kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, matokeo yakachapishwa 2015. Kati ya wafanyakazi wa kitengo cha simu waliojitolea, waliozaliwa tarehe shufwa walifanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki na wa tarehe witiri walibaki ofisini. Kwa miezi tisa ufanisi wa walio nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, sehemu kubwa ikitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi kwa zamu, na kuacha kazi kulipungua kwa nusu. Hapo ndipo wengi huacha kusoma. Lakini walio nyumbani, ukizingatia ufanisi wao, walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Na walipopewa uhuru wa kuchagua baada ya jaribio, karibu nusu yao walirudi ofisini, upweke ukiwa sababu mojawapo kubwa. Tena ile ilikuwa kazi ya kupokea simu, ambayo mashine huihesabu yenyewe na kila mtu huifanya peke yake. Kazi yako ya timu huenda haifanani nayo.

Jaribio la pili la Bloom na wenzake, katika kampuni hiyohiyo ikiitwa Trip.com, lilichapishwa 2024. Safari hii wafanyakazi 1,612, wakiwemo wahandisi na watu wa masoko na fedha, waligawanywa: wengine siku mbili nyumbani kwa wiki, wengine zote tano ofisini. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja katika kundi la mseto, na tathmini za kazi na kupandishwa vyeo havikutofautiana. Mseto, basi, unaweza kufanya kazi. Naamini siri kubwa ni ratiba: wote wa kundi la mseto walikuwa nyumbani siku zilezile, wakawa ofisini siku zilezile. Mseto wa kila mtu na siku yake unawapa shida za pande zote mbili.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi hulisahau. Utafiti uliofanywa na Microsoft juu ya wafanyakazi wake 61,182 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020 ulionyesha kwamba kuhamia kazi ya mbali kuliwafanya watu wawasiliane zaidi ndani ya vikundi vyao na kupunguza mahusiano yanayounganisha kikundi na kikundi. Timu yako inaweza kuwa na umoja wa ajabu na isijue chochote kinachoendelea kwa jirani. Vikao vya ndani haviponyi hilo. Muhtasari mfupi wa kila wiki ulio wazi kwa kampuni nzima unasaidia kidogo, na mtu mmoja wa kuhudhuria kikao cha jirani anasaidia zaidi.

Kama mna mtu hata mmoja aliye mbali, fuateni haya mawili: kila mtu aingie kikaoni kwa kompyuta yake mwenyewe, hata wanne walio jengo moja, na lolote lililosemwa kwenye korido lisihesabiwe mpaka liandikwe.

Kupima kazi

Hapa sina mengi. Programu za kuhesabu mibofyo, kupiga picha za skrini na kutazama kitone cha kijani kama mtu yupo, sizipendekezi kwa yeyote. Zinapima kuonekana, nao watu watajifunza kuonekana. Kubalianeni kwa maandishi ni nini kitakuwa kimekamilika mwisho wa wiki na mtu gani anakisubiri. Mwanatimu akiandika mistari mitatu siku ya mwisho, nilichomaliza, kilichokwama, ninachohitaji kwa nani, una taarifa bora kuliko kamera yoyote. Mstari wa pili ndio wa kuusoma kwanza. Anayeandika "hakuna" wiki nne mfululizo ama yuko vizuri sana ama anaogopa kusema, na jukumu la kujua ni lipi ni lako.

Mtu mpya

Kwa mtu mpya geuza mizani. Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais waliwachunguza wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa wakaona kwamba waliokaa jengo moja na wenzao wote walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao, na waliofaidika zaidi ni vijana na wageni kazini. Gharama ilikuwa kwa wakongwe, ambao kazi zao wenyewe zilipungua kwa muda wao kwenda kwenye kufundisha.

Timu ya maandishi humpokea mgeni kwa kumpa viungo arobaini na kumtakia kila la heri. Huo ni utelekezaji. Mpe mwenyeji mmoja, asiwe wewe, ambaye atampigia simu dakika ishirini kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha mara mbili kwa wiki hadi mwezi wa tatu. Mwambie waziwazi maswali aulize wapi, na wewe kiongozi uulize swali lako moja la kijinga mahali hapohapo siku ya kwanza, ili aone kwamba hapaumi. Hati atazisoma tu, tena ataona makosa ambayo ninyi mmeshayazoea. Mpe ruhusa ya kuyasahihisha.

Basi uchague ipi

Watu wenu wakiwa chini ya watano, wako karibu kwa saa, na kazi ni ya kubuni kitu ambacho bado hakijaeleweka, endesheni kwa vikao na mwandike maamuzi tu. Msijitwishe mwongozo.

Mkizidi wanane au mkivuka kanda za saa, au watu wakiingia na kutoka mara kwa mara, nendeni kwenye maandishi kwanza, vikao baadaye. Kwa kazi zenye mkondo unaojirudia, kama huduma kwa wateja, uhasibu, tafsiri au matengenezo ya mifumo, sioni sababu ya kuchagua vingine. Dharura zibaki na njia yake moja inayopiga kengele, na kila mtu ajue kwamba ujumbe mwingine wote unaweza kungoja hadi kesho yake bila mtu kuonekana mvivu. Muda huo wa kujibu uandikwe. Usipouandika, kila mmoja atajiwekea wake, na wenye hofu watajiwekea dakika tano.

Mkiwa mseto, ishini kama timu ya mbali kabisa hata siku mnazokuwa pamoja, na siku hizo za pamoja zitumieni kwa yale ambayo maandishi hayawezi: migogoro, mipango mipya, kumfundisha mgeni, kufahamiana.

Wa kwanza kubadilika ni kiongozi. Ukitangaza maandishi kisha ukaendelea kupiga simu kila wazo likikujia, timu itafuata simu zako. Anza na wiki ijayo: fungua kalenda, chukua vikao vinavyojirudia kimoja kimoja, na kile ambacho watu hupeana taarifa tu kigeuze kuwa ujumbe wa maandishi kwa majaribio ya mwezi mmoja. Kikao cha mtu na mtu usikiguse. Nusu saa kila wiki au kila wiki mbili, ajenda iwe ya mwanatimu, wewe ukianza kwa kumuuliza anaendeleaje kabla ya kuuliza kazi inaendeleaje. Likitokea la kutokea ukashindwa, mpe siku nyingine ndani ya wiki hiyohiyo, kwenye ujumbe uleule wa kumwomba radhi.